Gauni la harusi lilinikaa sawa kwenye jaribio, sasa linateremka kifuani na pindo limepinda. Tatizo liko wapi?

#1 Tausi_wa_Lesi

Habari zenu wakuu. Nimesoma nyuzi nyingi za mishono humu ndani bila kuandika chochote, leo yamenifika.

Nilimpelekea fundi mchoro nilioufanya mwenyewe. Gauni halina mikono wala mikanda ya mabegani, kifua kina umbo la moyo, kiuno kimebanwa, kisha sketi inaporomoka laini mpaka chini na kuishia kwenye mkia. Kifuani inakaa lesi yenye shanga. Fundi hakuthubutu kugusa kitambaa chenyewe. Alishona kwanza gauni la majaribio kwa merikani, ile pamba ngumu isiyopaushwa, akanivisha, akatia pini, akachora kwa penseli huku limenikaa mwilini. Niliinua mikono, nikaketi, nikainama kama naokota kitu. Halikusogea hata kidogo. Nilitoka pale nikiwa na furaha ya ajabu.

Juzi nimevaa gauni halisi. Nikisimama wima mbele ya kioo, liko sawa. Nikianza kutembea, kifua kinateremka. Kutoka kwenye kioo mpaka mlangoni nililipandisha mara nne. Isitoshe, pindo la upande wa kushoto limeshuka kuliko la kulia kama upana wa vidole viwili.

Fundi anasema nimepungua. Mama anasema fundi kalipua kazi. Zimebaki wiki 6. Naomba msaada kwa wanaojua, kosa liko wapi?

#2 MkasiMkali

Pole dada. Kabla hatujamhukumu mtu jibu haya: siku ya merikani ulivaa viatu gani? Ulivaa sidiria gani? Kiuno chako kilikuwa sentimita ngapi siku ile na ni ngapi leo? Kitambaa ni kipi?

#3 Mzee_wa_Uzi

Mimi naenda na fundi. Umepungua, binti yangu. Bi harusi karibu wote hupungua miezi ya mwisho, usingizi hakuna na chakula hakipiti. Hata Diana, aliyeolewa mwaka 1981, kina Emanuel waliomshonea gauni walilazimika kulipunguza kiuno mara kadhaa kwa sababu kila akija kupimwa yuko mwembamba zaidi. Na wale walikuwa mafundi wa kweli kweli.

#4 Tausi_wa_Lesi

#2 asante, maswali yako yamenifanya nikae chini nikumbuke vizuri. Kiuno kilikuwa 72, leo ni 71. Siku ya merikani nilikuwa peku. Nilivaa sidiria isiyo na mikanda. Sasa sivai sidiria kwa sababu vikombe vimeshonewa ndani ya gauni. Kitambaa ni hariri, si satini.

Mzee wangu wa #3, kupungua ni sentimita moja tu.

#5 Nyuzi_na_Mishono

Hapo kwenye "hariri, si satini" turekebishe, maana watu wengi huuziwa wasichokijua kwa sababu ya maneno haya mawili. Hariri ni uzi, unatoka kwa kiwavi wa hariri. Satini ni namna ya kufuma: nyuzi za upande mmoja zinaruka juu ya nyingine kadhaa kabla ya kuzama, ndiyo maana uso unateleza na kung'aa. Kwa hiyo ipo satini ya hariri na ipo satini ya poliesta, na hariri yenyewe inaweza kufumwa ikawa shifoni, ikawa krepu, ikawa tafeta. Muulize fundi yote mawili: uzi gani na ufumaji gani. Jibu linabadilisha tiba, kwa sababu satini nyepesi ya hariri na satini nzito ya hariri ni kama vitambaa viwili visivyo na undugu.

#6 DadaPindo

Kuwa peku siku ya merikani peke yake kunatosha kuharibu pindo. Kisigino kinabadilisha kimo, kinabadilisha pia namna kiuno kinavyojipinda na nyonga zinavyokaa. Vipimo vyote vichukuliwe na viatu vya siku yenyewe. Si vinavyofanana navyo, vile vile.

#7 MkasiMkali

Nakubaliana na #6 kuhusu urefu, lakini kisigino kinainua pande zote mbili sawa. Hakielezi kwa nini kushoto kumezidi.

Mimi nadhani kifua na pindo ni matatizo mawili tofauti, tuyatenganishe.

Kifua: merikani haina uzito wa maana. Uliinama na kuketi ndani ya kitu chepesi kisicho na shanga, kisicho na bitana, na huenda kisicho na mkia. Gauni halisi lina vyote hivyo, na vyote vinavuta kwenda chini. Watu hudhani gauni lisilo na mikanda linashikwa na kifua. Halishikwi na kifua, linashikwa na kiuno. Kwa ndani panatakiwa ukanda wa utepe mgumu, usionyumbuka, unaozunguka kiuno na kufungwa kwa kulabu kabla hata ya kufunga zipu. Ukanda huo ndio unaobeba sketi. Ukiwepo na ukabana, hata zipu ikiwa wazi gauni linabaki mwilini. Usipokuwepo, sketi inaning'inia kwenye kifua, na kila hatua ni mvuto mmoja kwenda chini.

Jaribu hivi: vaa, mwambie mtu akae nyuma yako ainue sketi kwa mikono yote miwili mpaka usihisi uzito, kisha mtembee pamoja. Kifua kikitulia, adui ni uzito. Kikiendelea kushuka, adui ni kipimo.

#8 Kaka_Pasi

Hilo jaribio ni zuri mno, naliiba.

#9 Mama_Watatu

Mimi yangu ilikuwa hivi hivi, nikatiwa ule mpira wa kunata ukingoni kwa juu, unaoshika ngozi. Ulisaidia.

#10 MkasiMkali

Mama wa #9, unasaidia gauni jepesi. Kwa lenye shanga, jasho likitoka kidogo mpira unateleza, na ngozi inabaki na mstari mwekundu. Usiutegemee kubeba sketi.

#11 Mama_Watatu

Langu lilikuwa na shanga na nilicheza mpaka usiku wa manane. Kila mwili una jasho lake.

#12 Mshazari45

Nimesubiri mtu aseme, hakuna aliyesema. Tausi, umeandika sketi "inaporomoka laini". Hebu uliza kama imekatwa mshazari, yaani kitambaa kimelazwa kwa pembe ya nyuzi 45 badala ya kufuata uzi ulionyooka. Kama ndivyo, pindo lako halijapinda kwa bahati mbaya. Limevutika kwa uzito wake lenyewe.

Kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika hata kama hakina mpira wowote ndani, kwa sababu nyuzi zinafunguka kama wavu unaovutwa kona kwa kona. Ndio uzuri wake, unagusa mwili na kuutiririkia. Madeleine Vionnet wa Ufaransa ndiye aliyeujengea mkato huu jina kubwa miaka ya 1920 na 1930, na alikuwa akijaribu kwanza kwenye mdoli mdogo wa mbao kabla ya kukata nguo kamili. Lakini mkato huu una sharti: sketi inaning'inizwa siku nzima au zaidi kabla ya kukata pindo, ili kushuka kote kushuke kwanza. Fundi akikata pindo asubuhi ya siku aliyoshona, wiki inayofuata kila upande utakuwa na urefu wake.

Na kwa nini kushoto zaidi? Kwa sababu nyuzi za wima na za mlalo hazivutiki sawasawa. Vipande vya kushoto na kulia visipokatwa kama taswira ya kioo, kimoja kinashuka kuliko kingine.

#13 Bega_la_Kulia

Au tatizo liko kwenye mwili na kitambaa hakina hatia. Nilishonesha sketi tatu kwa mafundi watatu, zote zikashuka kushoto. Fundi wa nne alinisimamisha ukutani peku, akanionyesha nyonga yangu ya kulia iko juu kidogo. Nimebeba begi bega moja tangu shule. Sketi inapanda juu ya nyonga iliyoinuka, upande wa pili unaonekana umeshuka. Hakukata chochote chini, alinyanyua kiunoni upande mmoja, yakaisha.

#14 Mshazari45

Bega, kama ni nyonga, merikani nayo ingepinda. Yeye anasema ilikaa sawa.

#15 Bega_la_Kulia

Merikani ni ngumu, inaficha. Satini inasema kila kitu.

#16 Mzee_wa_Uzi

Na mimi bado nasema amepungua. Sentimita moja kiunoni ni nyingi kwenye gauni la kubana. Tena mwili haulingani asubuhi na jioni. Uliza alipimwa saa ngapi mara ya kwanza na saa ngapi juzi.

#17 Kaka_Pasi

Mzee leo umeshikilia hapo hapo, hata kwa mkasi huachii 😀

#18 Tausi_wa_Lesi

Nimefanya jaribio la #7. Mdogo wangu aliinua sketi, tukatembea nyumba nzima tukizungushana kama watoto. Kifua hakikushuka hata mara moja. Alipoiachia, hatua ya tatu tu nikaanza kupandisha. Kwa hiyo ni uzito.

Nimempigia fundi pia. Sketi kweli imekatwa mshazari. Ni satini ya hariri, nzito. Pindo lilikatwa siku mbili baada ya kuunganishwa, na lilikuwa limetundikwa. Kuhusu saa: mara ya kwanza asubuhi, juzi jioni, nikiwa nimetoka kula.

#19 Mshazari45

Siku mbili kwa satini nzito yenye mkia mimi ningeona ni chache. Lilitundikwa kwenye nini? Henga au mdoli? Kwenye henga uzito unaanguka tofauti na kwenye kiuno.

#20 Mzee_wa_Uzi

Jioni, baada ya kula, na bado linalegea. Basi umepungua zaidi ya hiyo sentimita moja, chakula kimekuficha.

#21 Shanga_Elfu

Jamani niulize kitu nje kidogo. Gauni lazima liwe jeupe? Mama mkwe wangu anasema ni desturi ya tangu enzi na enzi na mimi nataka la dhahabu.

#22 Nyuzi_na_Mishono

Si ya tangu enzi na enzi. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa Februari 1840 akiwa na gauni la satini nyeupe na lesi ya Honiton, na picha zake zikasambaa. Kabla ya hapo hata huko kwao bi harusi alivaa rangi yoyote iliyo nzuri, mara nyingi nguo ambayo angeivaa tena. Hakuwa wa kwanza kuvaa nyeupe, ila ndiye aliyeifanya itamaniwe. Shona la dhahabu dada. Ila nyeupe zenyewe nazo ni nyingi: weka kipande cha hariri ya asili karibu na poliesta iliyopaushwa, kimoja kitaelekea maziwa na kingine bluu. Lesi na satini zisipolingana, kamera itaona hata kama macho hayakuona. Pima vipande kwenye mwanga wa jua, usichague chini ya taa ya duka.

#23 Shanga_Elfu

Asante sana, nimepiga picha ya skrini. Naenda nayo.

#24 Kulabu_na_Zipu

Turudi kwa Tausi. Nina swali moja ambalo naona hakuna aliyeuliza. Ulichokivaa kwenye merikani na kilichoshonwa ni mchoro ule ule? Hakuna kilichoongezwa katikati?

#25 Tausi_wa_Lesi

...Nimeongeza. Baada ya merikani niliomba mkia urefushwe, ulikuwa wa nusu mita ukawa mita moja na nusu. Na lesi ya kifuani niliomba ishuke mpaka nyonga, shanga zote zile. Fundi alikubali, hakusema neno.

#26 Kulabu_na_Zipu

Hapo sasa. Merikani ilijibu swali la gauni jingine.

#27 Bi_Kiuno

Msimlaumu bi harusi. Ni gauni lake, ana haki ya kubadilisha mawazo. Anayejua uzito wa shanga ni fundi. Alipokubali kimya kimya ndipo alipokosea. Angesema "dada, mkia ukirefuka lazima niongeze mifupa ya korseti, vile vijiti vigumu vya ndani vinavyosimamisha kifua, na nikuvishe upya", leo tusingekuwa hapa.

#28 FundiWaMtaaWaPili

Nami ni fundi, niseme upande wetu. Mteja akija na uso umejaa furaha akisema "ongeza na hapa kidogo", ni vigumu kumwambia hapana. Nimejifunza kwa maumivu. Niliwahi kuongeza shanga kwenye mabega ya shifoni, mabega yakachanika siku ya kuvaa, nikashona bi harusi akiwa amesimama, mikono yangu inatetemeka. Tangu siku hiyo kila badiliko naliandika kwenye daftari, mteja anatia sahihi, na nachukua kipimo kingine. Tausi, mliandikiana?

#29 Tausi_wa_Lesi

Hatukuandikiana. Tulielewana kwa mdomo.

#30 DadaPindo

Nani alipie marekebisho basi? Mimi nasema nusu kwa nusu.

#31 Bi_Kiuno

Fundi wote.

#32 FundiWaMtaaWaPili

Kitambaa cha ziada mteja, mkono fundi. Ndivyo ninavyofanya mimi, na hata hivyo hugombana.

#33 Nakshi_za_Bibi

Tausi usikate tamaa kwa wiki 6. Ann Lowe, mbunifu Mmarekani mweusi, alimshonea Jacqueline Bouvier gauni la kuolewa na John F. Kennedy mwaka 1953. Siku 10 kabla ya harusi bomba lilipasuka kwenye karakana yake, maji yakaharibu gauni la bi harusi na nguo nyingi za wasimamizi wake. Alinunua kitambaa upya, akakata upya, akashona upya, akafikisha kwa wakati. Hasara akaibeba mwenyewe kimya kimya. Mama huyu nikimkumbuka naumia, kwa sababu wakati ule magazeti yalisifu gauni na jina lake karibu yote hayakulitaja.

Wewe hujalowa maji. Una gauni kamili linalohitaji kufunguliwa ndani.

#34 Kaka_Pasi

Hii sikuijua kabisa. Siku 10!

#35 Mama_Watatu

Mwambieni pia aoshe mikono. Lesi nyeupe inachafuka kwa vidole tu. Kwenye gauni la Kate Middleton la mwaka 2011 wadarizi waliambiwa waoshe mikono kila baada ya dakika 30 na kubadilisha sindano kila baada ya saa 3. Fundi wangu mimi alikuwa akila karanga juu ya gauni langu, hilo nililisamehe lakini sijalisahau.

#36 Kulabu_na_Zipu

Tausi, ukienda kwa fundi usianze na lawama. Mwombe afungue bitana kiunoni ukiwepo. Angalia mambo mawili: ukanda wa ndani upo? Na mifupa ya kifuani inaishia wapi? Mara nyingi inakatwa fupi, inaishia juu ya kiuno, basi haina pa kuegemea na kifua kinajikunja kama karatasi. Angalia pia akiba ya mshono ubavuni, yaani kitambaa kilichoachwa ndani kupita uzi. Kama ameacha sentimita 2 au zaidi, kuna pa kuchezea. Kama alikata karibu na uzi, kuongeza ni shida, kupunguza tu ndiko kunawezekana.

#37 MkasiMkali

Ukanda haupo. Naweka jina langu hapo.

#38 Tausi_wa_Lesi

Nimetoka kwa fundi sasa hivi, naandika nikiwa njiani.

Amefungua bitana mbele yangu. Ukanda UPO. Ni utepe mgumu kama #7 alivyoeleza, una kulabu mbili. Lakini umeshikizwa kwenye gauni sehemu mbili tu, nyuma karibu na zipu. Mbele unaelea. Ukiweka kidole kinapita katikati yake na gauni bila kugusa uzi wowote. Mifupa iko 8, mirefu, inapita kiuno vizuri. Akiba ya mshono ni sentimita 3, hapo nimeshukuru.

Fundi alinyamaza muda mrefu, ameshika ule utepe kati ya vidole. Kisha akasema alishikiza sehemu mbili kwa sababu kwa mkia wa kwanza zilitosha. Hakujitetea zaidi ya hapo. Sikuweza kumkasirikia.

Pindo nalo limeshuka tena, sasa ni vidole vitatu. Lilitundikwa kwenye henga, #19.

#39 MkasiMkali

Nimekosea kuhusu kuwepo, nakubali. Lakini sehemu mbili ni kama haupo. Ashikize kila penye mfupa wa korseti, yaani mara 8.

#40 Kulabu_na_Zipu

Hapana, akishikiza kila penye mfupa satini itaonyesha vidoa vya mvuto kwa nje. Ashikize kwenye mishono ya ubavu na ya nyuma tu, mbele paachwe huru pumzi ipite.

#41 FundiWaMtaaWaPili

Mimi mbele nashikiza kwenye bitana ya ndani, sigusi satini. Hakuna kinachoonekana.

#42 Bega_la_Kulia

Na nyonga je? Alikupima nyonga ukutani?

#43 Tausi_wa_Lesi

Bega, alinipima. Ya kulia iko juu, sentimita moja hivi. Kwa hiyo huenda nawe uko sahihi, na Mshazari yuko sahihi, sijui nani zaidi.

#44 Mshazari45

Nyonga ile ile ilikuwepo siku ya merikani na wiki iliyopita. Vidole viwili vimekuwa vitatu, nyonga haikui ndani ya wiki moja. Lihamishiwe kwenye mdoli wenye kiuno chako, liachwe wiki mbili, asiguse mkasi. Kisha uvae viatu vyako, usimame juu ya meza, apime kutoka sakafu ya meza kwenda juu kwa rula. Asipime kutoka kiunoni kwenda chini.

#45 Bega_la_Kulia

Na kabla ya kupima anyanyue kiuno cha kushoto, la sivyo atakata mara mbili.

#46 Mshazari45

Akinyanyua kiuno kabla halijamaliza kushuka, ndipo atakapokata mara mbili.

#47 Mzee_wa_Uzi

Binti yangu, kula.

#48 Tausi_wa_Lesi

Nitakula mzee 😀 Fundi amekubali mdoli. Mama bado anataka tuhamie kwa fundi mwingine, nimemwomba anipe hizo wiki mbili. Jumamosi naenda kushikizwa ukanda. Nabeba viatu vyangu kwenye mfuko, na daftari jipya la kuandikiana. Nitaleta mrejesho.

#49 MkasiMkali

Mara 8.

#50 Kulabu_na_Zipu

Ubavuni na nyuma tu, dada. Usimsikilize.